Mrija mpya wa kiko cha zamani: anza na tundu, umbo litakuja lenyewe

Kiko cha zamani kikikufikia mkononi mara nyingi bakuli liko zima kabisa, mbao imeiva rangi nzuri, ila mrija, kile kipande cha kukaa mdomoni, ndo balaa. Ama umetafunwa mpaka ukatoboka, ama ulimi umekatikia ndani ya shingo, ama haupo kabisa na mtu kachomeka mrija wa kiko kingine usiofanana hata kidogo. Hapo ndo wengi wanakirudisha kwenye droo, wanasema wataangalia siku nyingine. Mi nimeshatengeneza mirija kadhaa kwa mkono na mitatu ya mwanzo niliitupa, na kosa lilikuwa lilelile mara zote tatu: nilianza na umbo. Nachonga, napiga tupa, napiga msasa, kitu kinapendeza kwelikweli, halafu ndo nakumbuka kutoboa njia ya moshi, biti inatokea ubavuni, kwisha habari. Kwa hiyo ukisoma mstari mmoja tu hapa usome huu: tundu kwanza, ulimi wa pili, umbo la mwisho.

Tuwekane sawa kwenye majina maana kila mtu ana yake. Shingo ni ule mkono wa mbao unaotoka kwenye bakuli, na mwisho wake una tundu. Ulimi ni kile kipande chembamba cha mrija kinachozama kwenye hilo tundu, maseremala wanalijua hili neno, ni ulimi uleule wa kuungia fremu ila huu ni wa mviringo. Bega ni pale ulimi unapoanzia, sehemu inayogusana na uso wa shingo. Halafu kule mdomoni kuna ukingo, ule uvimbe mdogo ambao meno yanaukamatia nyuma yake ili kiko kisichomoke.

Kabla hujakata chochote hakikisha mrija wa zamani kweli umekufa. Alama za meno kwenye eboniti mara nyingi zinanyanyuka zenyewe ukiupasha moto taratibu, na kitundu kidogo kinazibika kwa gundi ya sianoakrileti (supa glu) nyeusi. Ulimi uliovunjika unaweza kuwekewa mwingine (nitafika huko). Mrija wa asili una thamani yake, hasa kama una alama ya mtengenezaji. Ukishaona hauokoki usiutupe, uweke kama ramani, utaupima mara mia.

Na kama ulimi umekwama ndani ya shingo usianze kuuchokonoa kwa hasira. Weka kiko kwenye friza nusu saa, eboniti inasinyaa kidogo, kisha chukua skrubu nyembamba, izungushe polepole kwenye lile tundu la ulimi mpaka ikamate tu, vuta moja kwa moja bila kuyumbisha. Ukikaza sana ulimi unatanuka na shingo inapasuka, hapo sasa una matatizo mawili.

Sasa mali ya kutengenezea. Viko vingi vya mbao ya braya (ni kile kivimbe cha kwenye shina la kichaka cha Erica arborea cha pande za Mediterania, Wafaransa wa Saint-Claude ndo walianza kukichonga viko kwa wingi katikati ya karne ya 19) vilikuja na mirija ya eboniti. Eboniti ni mpira uliopikwa na salfa nyingi mpaka ukawa mgumu, Nelson Goodyear alipata hataza yake Marekani mwaka 1851, na jina lenyewe limetokana na mpingo kwa sababu ikipigwa msasa vizuri inakuwa nyeusi inayong'aa kama mpingo. Ni laini mdomoni, inachongeka vizuri mno, inakunjika kwa joto dogo. Ubaya wake jua na unyevu vinaigeuza rangi ya kijani-kahawia na inatoa ladha ya salfa. Akriliki, ambayo ni aina ya plastiki ngumu, haibadiliki rangi, inang'aa kama kioo, ila ni ngumu kwa meno, inamegeka ukibana vibaya na inayeyuka kwenye biti ukienda mbio. Kwa kiko cha zamani na kwa mtu anayeanza mi nasema eboniti bila kufikiria mara mbili. Na tafadhali usiokote plastiki usiyoijua imetengenezwa na nini, kitu hiki kinakaa mdomoni na kinapitisha moshi wa moto.

Kuna vifimbo vya eboniti vya mviringo, vinauzwa kwa urefu, unachukua chenye kipenyo kikubwa kidogo kuliko shingo yako, milimita 2 au 3 za ziada zinatosha. Kuna pia mirija nusu-tayari ya kiwandani, imeshatobolewa na ulimi mnene wa kupunguza. Sitakucheka ukianza na hiyo, kazi inabaki kwenye ulimi na kupunguza unene, ila umbo lake limeshaamuliwa na mtu mwingine, kwa kiko chenye mrija mpana au mfupi au wa mraba haitakusaidia.

Vifaa sio vingi. Venia kalipa (kile kipimo chenye taya za kuteleza) ni lazima, usije na rula. Drili ya kusimama au mashine ya kukerezea kama unayo, jiriwa, msumeno wa chuma, tupa moja pana na seti ya vile vitupa vyembamba vya sonara, msasa kuanzia namba 150 mpaka 2000, biti ya milimita 4 ndefu, ya milimita 2 na ya 1.5. Barakoa pia, vumbi la eboniti linanuka salfa na halina faida yoyote kwenye mapafu, ukipiga msasa wa maji vumbi linapungua sana.

Safisha shingo kabla ya kupima. Nasisitiza hili kwa sababu lami ya miaka arobaini ndani ya tundu inaweza kukudanganya nusu milimita nzima, unachonga ulimi unakaa freshi, baadaye mtu anasafisha kiko chake na ulimi unacheza kama jino la mtoto. Tumia spiriti na pamba kwenye kijiti, rudia mpaka pamba itoke safi, uache kikauke siku nzima maana mbao iliyolowa inavimba. Kisha pima kipenyo cha tundu. Kalipa haifiki vizuri ndani, kwa hiyo tumia mkia wa biti, ule upande laini usio na meno: jaribu wa 7, wa 7.5, wa 8, ule unaoingia bila kucheza ndo kipimo chako. Ulimi wa viko vingi uko kati ya milimita 6 na 9. Pima na kina, ingiza kijiti mpaka kigote, weka alama ya kucha, soma kwenye kalipa. Ulimi utakuwa mfupi kuliko hicho kina kwa kama nusu milimita mpaka moja. Ukiwa mrefu bega halitagusa shingo, ukiwa mfupi sana unaacha kachumba ndani ambako unyevu unajikusanya na kiko kinaanza kukoroma kila ukivuta.

Haya, kutoboa. Kata kifimbo kirefu kuliko mrija unaoutaka kwa sentimita moja, hizo ni za makosa. Nyoosha uso wa pande zote mbili, tafuta katikati, gonga alama. Siri ya tundu lililonyooka ni hii: kinachozunguka kiwe kifimbo, biti isimame. Ukizungusha biti na kifimbo kimetulia, biti ndefu ya milimita 4 inapinda na kufuata njia inayoitaka yenyewe, ila kifimbo kikizunguka biti inalazimika kurudi katikati. Kwenye mashine ya kukerezea hiyo ndo kawaida yake, kwenye drili ya kusimama unabana kifimbo pale juu panapokaa biti na unaibana biti kwenye jiriwa chini, imesimama wima kabisa, unashusha kifimbo juu yake. Inaonekana kichekesho lakini inafanya kazi kuliko unavyodhani. Kama kifimbo ni kinene hakiingii, kereza mwisho wake kwanza uwe mwembamba, si ni ulimi huo unakuja hata hivyo.

Toboa kwa milimita 4 kuanzia upande wa ulimi, mwendo wa chini, kila baada ya nusu sentimita toa biti uondoe unga. Hapa watu wanapoharibu ni uvivu wa kutoa biti, unga unajaa, joto linapanda, akriliki inaganda kwenye biti na eboniti inaanza kunuka kama tairi. Usitoboe mpaka mwisho! Simama ukiwa umebakiza sentimita 2 hivi kutoka mdomoni, kwa sababu mdomoni mrija wote utakuwa na unene wa milimita 4 tu na ukipitisha tundu la 4 hakuna mrija tena. Geuza, toboa upande wa mdomo kwa biti ya 2 mpaka matundu mawili yakutane. Pulizia, hewa ikipita endelea, isipopita au ukiona kwa mwanga kwamba matundu yamepishana, tupa hicho kifimbo sasa hivi ungali hujamaliza jioni nzima juu yake.

Ulimi ndo moyo wa kazi. Mwenye mashine ya kukerezea ana raha, anapunguza kwa chuma mpaka milimita 0.3 juu ya kipimo halafu anamalizia kwa tupa na msasa. Asiye nayo kuna kikatio cha ndimi cha kubana kwenye drili, kina kipini kinachoingia kwenye njia ya moshi ili ulimi uwe katikati ya tundu, kinakata polepole na kinarekebishika. Nimeona pia mtu akikata bega kwa msumeno mwembamba pande zote na kupunguza ulimi kwa tupa ya mkono tu, inawezekana, ila uwe na subira ya mvuvi.

Ukifika karibu na kipimo acha tupa. Msasa namba 220, zungusha mara kumi, jaribu, zungusha mara tano, jaribu. Unatafuta hali ya ulimi kuingia kwa kuzungusha na ukinzani mdogo wa sawasawa, kama kizibo cha chupa nzuri, sio kwa kusukuma. Mi nimewahi kukaza. Kiko cha watu, cha babu yao, ulimi ulikuwa mgumu kidogo nikasema utalainika tu ukitumika, jamaa akavuta mara mbili, mbao ikavimba kwa unyevu, shingo ikapasuka mstari mmoja mwembamba kutoka mdomo wa shingo mpaka kwenye muhuri wa kampuni. Nikalipia kuvishwa pete ya fedha na mpaka leo nikikiona naangalia pembeni. Kwa hiyo mbao ikiwa kavu ulimi uwe huru kidogo kuliko unavyopenda.

Bega lazima ligusane na shingo pande zote. Mara nyingi haligusi kwa sababu pale kwenye pembe ya ulimi na bega kuna kijimnofu kimebaki, kikate kwa ncha ya kisu, na bega lenyewe ulichimbe kidogo sana kuelekea ndani ili ukingo wa nje ndo uguse. Wengine wanakata ukingo wa tundu la shingo badala ya kugusa mrija, mi kwenye kiko cha zamani sigusi mbao, mrija ukiharibika unatengeneza mwingine. Shika kiko mbele ya taa, uone kama kuna mwanga unapita. Kuna viko ambavyo uso wa shingo wenyewe umekaa upande, basi bega nalo likae upande huohuo, weka alama ya juu ya mrija usije ukasahau unaingiaje.

Kwa mrija uliovunjika ulimi tu, au ukitaka ulimi usiovunjika kirahisi, kuna njia ya kuweka ulimi wa Delrin, aina ya plastiki. Unakata uso wa mrija uwe bapa, unatoboa tundu la milimita 8 kwenda ndani kama sentimita moja na nusu, unaingiza kijiti cha Delrin chenye tundu lake la 4. Delrin ni ngumu kuvunjika na inateleza vizuri kwenye mbao, ila kwa sababu hiyohiyo ya kuteleza gundi haiipendi, kwa hiyo kata mifereji midogo kuzunguka, ikwaruze kwa msasa mkali, paka epoksi, na pitisha kiwaya cha kusafishia kiko kilichopakwa mafuta kwenye njia ya moshi ili gundi isizibe. Kabla epoksi haijashika ingiza kwenye shingo uone mrija umenyooka, halafu acha mpaka kesho.

Sasa ndo umbo, na hapa ndo starehe. Chora mstari wa katikati juu na pembeni, chora na umbo lenyewe kwa kufuata mrija wa zamani au picha ya kiko cha aina hiyo. Ondoa nyama nyingi kwa tupa pana, mrija ukiwa umechomekwa kwenye shingo. Zungushia shingo tepu ya karatasi tabaka mbili au tatu, ukishaona tupa inaanza kuigusa tepu badili msasa. Muhuri wa kampuni uliogongwa kwenye shingo ndo unakitambulisha kiko, ukiupiga msasa umekifuta jina. Na kwa upande wa mrija, usijaribu kuiga alama ya watu, ile nukta nyeupe ya kampuni ya Dunhill kwa mfano, kuiweka kwenye mrija wako ni kudanganya mnunuzi wa kesho.

Kila baada ya dakika kumi pima unene pande zote za njia ya moshi. Mbele ya ukingo, pale meno yanapokaa, lenga milimita 4 hivi, ukingo wenyewe unyanyuke mpaka 6, upana wa mdomo uwe 15 mpaka 17. Uchonge ukingo kwa kitupa bapa, kata mfereji mmoja juu na mmoja chini kisha rudisha unene kuelekea nyuma. Nyuma ya ukingo pawe na kona inayoeleweka, ikiwa duara duara meno yanateleza na utakuwa unakishika kiko kwa mkono siku nzima.

Halafu kuna kitu wengi hawakifikirii. Lile tundu la milimita 4 lina eneo la kama milimita za mraba 12.6. La milimita 2 ulilotoboa mdomoni lina 3.1 tu, robo yake! Ukiliacha hivyo moshi unabanwa, unakuunguza ulimi wako mwenyewe wa mdomoni na unavuta kama unanyonya uji mzito kwa mrija mwembamba. Huwezi kuongeza urefu wa kwenda juu kwa sababu unene haupo, kwa hiyo unapanua kwa pembeni. Toboa matundu mawili ya 1.5 kushoto na kulia ya lile la katikati, yakiwa yamelala kidogo kuelekea katikati, yaunganishe kwa kitupa chembamba mpaka upate mpasuko wa upana wa milimita 9 au 10 na kimo cha 1.5 au zaidi kidogo, hapo eneo limerudi 14 hivi, na ndani upungue kama umbo la herufi V mpaka kule milimita 4 inapoanzia. Hii kazi inachosha vidole na hakuna atakayeiona, ila ndo tofauti ya mrija unaovuta vizuri na pambo. Malizia kwa msasa uliokunjwa mwembamba, ndani pakiwa na mikwaruzo kiwaya kitakuwa kinakwama.

Msasa unaujua: 220, 320, 400, kisha wa maji 600, 800, 1000, 2000, na usiruke namba, mkwaruzo wa 220 utauona umejificha hadi siku ya mwisho. Kuanzia 400 chomoa mrija kwenye shingo na uvishe kwenye ulimi washa (pete bapa) ya plastiki yenye upana kuliko mrija, inalinda kingo za bega zisiwe duara, maana zikiwa duara ule muungano mzuri uliouhangaikia unakuwa mfereji.

Kukunja, kama kiko chako ni cha kupinda, fanya kabla ya kung'arisha. Ingiza kiwaya kinene au viwili kwenye njia ya moshi ili isibonyee, pasha sehemu ya kukunja kwa hewa ya moto huku unazungusha muda wote, au kwa eboniti ichovye kwenye maji yaliyochemka dakika chache. Ikianza kulegea kama ngozi, kunja juu ya kitu cha mviringo, chupa inatosha, linganisha na mchoro wako kisha ishikilie chini ya maji baridi bila kupepesa. Usipashe ulimi wala ukingo. Ukikosea wala usiogope, eboniti ukiipasha tena inarudi kunyooka yenyewe, unaanza upya. Akriliki inataka joto zaidi na subira zaidi, ukilazimisha ikiwa nusu baridi inapata ukungu mweupe kwenye kona au inakatika.

Kung'arisha ni gurudumu la kitambaa, mwendo kama wa mizunguko 1700 kwa dakika au chini ya hapo, poda ya kahawia kwanza, nyeupe baadaye, nta ya karnauba kidogo mwisho. Usisimame sehemu moja maana joto la msuguano linakunjua mrija uliokunja sasa hivi. Shika kwa mikono miwili, gurudumu likiunyakua linaurusha ukutani, niulize mimi.

Kiko kikiwa kimeungwa pitisha kiwaya kutoka mdomoni, kifike mpaka ndani ya bakuli bila kuchomoa mrija. Kikikwama kwenye muungano, tundu la ulimi na la shingo hayajaonana vizuri, panua mdomo wa tundu la ulimi kwa umbo la faneli ndogo. Vuta hewa kikiwa kitupu, isikie. Ikipiga mluzi kuna kona kali mahali, mara nyingi ni hapohapo kwenye ncha ya ulimi au pale milimita 4 inapokutana na V.

Wiki za mwanzo angalia ulimi kila baada ya kuvuta kikiwa kimeshapoa, usiuzungushe kiko kikiwa cha moto maana hapo ndo ndimi nyingi zinapokatikia. Ukibana, msasa 600 mara tatu nne. Ukilegea na ni wa eboniti, upashe kidogo ncha yake, ingiza mkia wa biti ya milimita 4.2 kwenye tundu lake, unatanuka unywele mmoja, achia upoe hivyohivyo kabla ya kuchomoa.